Hewa Darasani: Tuanze na Paa na Dirisha

(Mazungumzo ya mwalimu wa ujenzi wa chuo cha ufundi kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia na kamati za shule za msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya kuboresha joto, baridi na hewa katika majengo ya shule. Ni habari ndefu, lakini hapa kwetu ina haraka. Nimeelezwa kuwa vikundi viwili vilivyo hapa vimechanga pesa za shule muhula huu. Kimoja kinataka kununua feni za umeme kwa madarasa manne. Kingine kinamalizia darasa la gredi ya 9. Kuta zimefika kwenye linta na mabati hayajanunuliwa. Nitasema mapema ili msije mkaniuliza mwishoni: kama ningekuwa na kura, pesa zote za mwaka huu zingekwenda kwenye paa na madirisha, na feni zingengoja. Nitaeleza kwa nini, kisha mtaamua wenyewe, kwa maana pesa ni zenu.

Tumtazame kwanza mtoto mwenyewe. Mtoto aliyeketi akiandika hutoa joto mwilini karibu sawa na balbu ya wati 60 au 70, zile balbu za zamani zilizokuwa zikichoma vidole. Watoto 50 wakiwa pamoja, joto lao linazidi la pasi tatu za umeme zilizowashwa. Na hapo jua halijapiga paa.

Halafu kuna pumzi. Hewa tunayoitoa puani si ile tuliyovuta. Imebeba unyevu, na imebeba hewa chafu iitwayo kaboni dayoksaidi. Mtoto wa shule ya msingi hutoa kama lita 12 za hewa hiyo kwa saa moja. Sasa chukueni darasa la mita saba na nusu kwa mita sita, lenye urefu wa mita 2.7 kwenda juu. Litieni watoto 50, mfunge mlango na madirisha kwa sababu ya vumbi au baridi, na mzibe kila upenyo. Baada ya saa moja tu hewa hiyo chafu itakuwa imezidi mara kumi ile iliyoko nje. Haiui kwa kiwango hicho, lakini kichwa kinakuwa kizito na macho yanafumba. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba watoto hawa ni wavivu baada ya chakula cha mchana. Mwalimu naye anapiga miayo, ila yeye hakuna anayemwandikia ripoti.

Darasa nililolitaja limechukuliwa katika kipimo cha Wizara ya Elimu, na mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unasema darasa la kiasi hicho lisizidi watoto 40 kwenye madawati ya wawili wawili. Nyinyi mnajua hesabu ya madarasa yenu. Tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2003 watoto wameongezeka, na tangu 2023 shule za msingi zimepokea gredi ya 7, kisha ya 8 na ya 9. Wengine wanasomea kwenye stoo. Kwa hiyo sitawaambia mpunguze watoto. Nitazungumza juu ya jengo, kwa sababu jengo mnaliweza.

Adui wa kwanza wa jengo letu ni bati tupu. Siwaambii mrudi kwenye nyasi. Bati halivuji upesi, halishiki moto, na maji yake ya mvua tunayakinga. Lakini saa saba mchana, iwe Garissa, Kilifi au Kisumu, bati lililopigwa na jua hufika nyuzi 60 na kupita. Chini yake hakuna kitu, ni vichwa vya watoto. Hapo ni kama umewasha jiko ukaliangika juu, na joto likawa linashuka. Hata upepo ukipita dirishani, kichwa bado kinachomeka. Na mvua ikinyesha somo linasimama, maana hakuna anayesikiana na mwenzake.

Adui wa pili tulimleta wenyewe tulipoanza kujenga "ya kudumu". Nyumba za bibi zetu zilikuwa na nafasi kati ya ukuta na paa. Moshi wa kuni ulipanda, ukakaa chini ya nyasi kidogo, kisha ukapata njia. Kila mama aliyepika kwa mafiga anajua hewa yenye moto haikai chini. Inapanda na kutafuta tundu. Sasa sisi tunajenga kwa mawe, tunapiga plasta hadi kwenye bati, tunaziba kila nafasi kwa simiti na kusema kazi imekuwa safi. Fremu za madirisha ya chuma hutoka kwa fundi zikiwa na matundu ya hewa sehemu ya juu, yasiyofungwa. Nendeni mkaangalie shuleni kwenu. Mtakuta yamezibwa kwa gazeti, kwa gunia, pengine hata kwa rangi. Hewa moto imepanda, imefika juu, imekosa mlango.

Je, jambo hili linagusa masomo au ni starehe tu? Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia mitihani ya wanafunzi milioni 10. Waliona kwamba katika shule zisizo na vifaa vya kupoza hewa, mwaka wa masomo ukizidi joto kwa karibu nusu ya nyuzi moja, watoto hupoteza asilimia moja hivi ya yale ambayo wangejifunza mwaka huo. Nusu ya nyuzi ni kidogo sana. Tofauti kati ya kivuli cha mwembe na darasa la bati ni kubwa kuliko hiyo, na nyote mnaijua bila kipimo. Majirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule zote Machi 2024 kwa sababu ya joto, likiwa linatarajiwa kufika nyuzi 45. Watoto wa Turkana na Mandera wanaishi karibu na joto la namna hiyo.

Sasa niwape habari ya kijiji kimoja, maana hawa walikuwa watu kama sisi. Kijiji kinaitwa Gando, kiko Burkina Faso, Afrika Magharibi, mahali pa joto kali. Mtoto mmoja wa huko, Francis Kéré, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwao kupelekwa shule, akiwa na umri wa miaka saba, tena mji mwingine kwa sababu Gando haikuwa na shule. Alisoma katika chumba cha simiti kilichojaa watoto, chenye joto na giza. Baadaye alipata nafasi ya kujifunza useremala Ujerumani, kisha akasomea uchoraji wa majengo. Kabla hajamaliza masomo alianza kuchangisha pesa ili kijiji chake kijenge shule. Wanakijiji wenyewe walishika kazi, na shule ikamalizika mwaka 2001.

Walifanyaje? Kuta ni za matofali ya udongo wa pale pale, uliochanganywa na simiti kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Juu ya madarasa wakaweka silingi ya matofali ya udongo, si bodi za kununua, nayo wakaiachia matundu. Paa la bati hawakulikalisha juu ya ukuta. Waliliinua kwa kenchi za nondo nyembamba zilizochomelewa na mafundi wa hapo, kukawa na nafasi wazi kati ya silingi na bati. Bati linapopata jua, hewa iliyo katika nafasi hiyo inapata moto na kutoka pembeni. Ile ya darasani inavutwa juu kupitia matundu, na hewa baridi zaidi inaingia madirishani kuchukua nafasi yake. Hakuna swichi na hakuna bili. Jua lenyewe linalotuchoma ndilo linalofanya kazi ya kuvuta hewa. Tena paa lile limetokeza sana nje, kwa hiyo ukuta unakaa kivulini na mvua haiupigi.

Shule hiyo ilianza na watoto 120 na baadaye ikafika 700. Mwaka 2004 ilipata Tuzo ya Aga Khan ya majengo, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa duniani kwa wachoraji wa majengo. Hapa Kenya pia yupo. Kando ya Ziwa Turkana kuna kituo cha kufundisha vijana kazi za kompyuta alichokichora, kilichomalizika 2021. Kina minara mirefu ya kutolea hewa moto, iliyoigwa kutoka kwa vichuguu vya mchwa. Tunavipita kila siku tukienda shambani na hatujawahi kuviuliza kitu.

Nimelitaja Gando kwa sababu mtu akisikia neno "kisasa" anafikiria mashine. Ya kisasa ni ile iliyofikiriwa vizuri.

Basi, kikundi cha gredi ya 9, nyinyi mna bahati kwa sababu hamjaezeka. Ongezeni kozi mbili au tatu za matofali juu ya linta ili paa liwe juu zaidi. Kwenye kuta mbili za mwisho, pale juu penye umbo la pembetatu, wekeni matofali ya matundu pande zote mbili, na nyuma yake wavu wa chuma ili popo na ndege wasiingie. Popo si jambo la kucheka. Wakishaingia darasa litanuka hadi mtalihama. Kati ya ukuta na bati acheni nafasi ya kiganja, nayo iwe na wavu. Bati lipite ukuta kwa futi mbili au zaidi, mpate upenu wa kivuli. Madirisha yawe kwenye kuta zote mbili ndefu, yatazamane, hewa iingie huku itokee kule. Dirisha la upande mmoja tu ni kama mfuko. Hewa haiingii mahali isipotoka. Kipimo changu ni kwamba madirisha yote yakijumlishwa yafike sehemu moja kwa tano ya sakafu. Kwa darasa la mita za mraba 45 hiyo ni mita za mraba tisa, na ninahesabu zile zinazofunguka, si kioo kilichokwama.

Kwa watakaoanza msingi mwaka ujao: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi zitazame mashariki na magharibi. Hapa kwetu jua linachomoza na kutua likiwa chini, na ndilo linaloingia dirishani. La saa sita liko juu ya paa. Wenzetu wa Pwani hata hivyo waulize wazee wao kwanza, kwa maana kusi na kaskazi zina njia zake, na upepo wa bahari ukiupa mgongo umejinyima dawa ya bure. Mkiwa hapo angalieni jiko la shule liko wapi. Nimeona mahali moshi wa kuni ukipulizwa moja kwa moja hadi gredi ya 1 tangu asubuhi githeri inapoinjikwa. Jiko likae upande ambao upepo unaelekea, na liwe na bomba la moshi linalopita paa.

Kwa madarasa ya zamani, kile kikundi cha feni, kazi ni ya nyundo na ngazi. Kwanza zibueni matundu ya fremu. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja na haina gharama. Pili, fungueni matundu juu ya kuta za mwisho, mkimwita fundi wa mawe aangalie asiukate ukuta mahali pabaya. Tatu ni silingi. Bodi ni ghali, lakini wenzetu wa kandokando ya Ziwa Victoria hutumia mikeka ya mafunjo, na inafanya kazi. Inazuia lile joto la bati lisimwangukie mtoto, na inapunguza kelele ya mvua. Hatari yake ni moto, kwa hiyo nyaya za umeme zisipite ndani yake wala taa isiiguse. Nne, kama hakuna pesa ya silingi, pakeni bati rangi nyeupe kwa juu. Bati jeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua. Na miti pandeni leo, upande wa magharibi, ila si karibu na msingi.

Hapa najua mtaniuliza juu ya wezi. Mama mmoja ameniambia asubuhi kwamba madirisha makubwa ni kuwaalika. Ni kweli vitabu na vishikwambi vinaibwa. Lakini kuna vyuma, na kuna jinsi ya kuviweka. Kwenye stoo na ofisi ya mwalimu mkuu, wekeni vyuma mnavyotaka. Kwenye chumba wanamolala watoto, hapana. Machi 2001, kule Kyanguli, Machakos, vijana 67 waliungua katika bweni. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo ule wa 2008 unasema wazi kwamba madirisha ya shule yasiwe na vyuma vya kuzuia, yafunguke kwa urahisi kuelekea nje, na milango pia ifunguke kuelekea nje. Bado Septemba 2024 tuliwazika watoto 21 wa bweni la Endarasha, Nyeri. Kamati inayochomelea vyuma kwenye bweni imeziba hewa na imeziba njia, yote kwa fimbo moja ya chuma. Mlinzi wa usiku ana gharama, lakini hiyo ndiyo gharama ya kulipa.

Wenzetu wa Kinangop, Molo na Limuru wamenyamaza muda wote huu wakisema moyoni kwamba shida yao ni baridi. Ni kweli, mwezi wa Julai mtoto hawezi kushika kalamu. Lakini angalieni mnavyofanya. Mnafunga kila kitu, asubuhi kunakuwa na umande ndani ya bati, unadondoka kwenye madaftari, na mmoja akikohoa wote wanakohoa. Dawa ya baridi ni silingi hiyo hiyo, kwa maana joto la watoto linapotea kwa bati kwanza. Zibeni nyufa za chini ya mlango na vioo vilivyovunjika usawa wa watoto, mwacheni wazi matundu ya juu. Katika shule za baridi ninaruhusu dirisha la upande wa mashariki, jua la saa mbili liingie.

Na jiko la makaa lisiingie darasani wala bwenini, hata kwa dakika kumi za "kupasha chumba". Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia, haamki. Kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyokutwa hivyo asubuhi. Haijalishi kama makaa yameshika vizuri na hayana moshi. Sumu bado ipo. Blanketi, sweta, uji wa saa nne, hizo ndizo hita zetu.

Niseme kidogo juu ya kikohozi. Viini vya kifua kikuu husafiri hewani na kuelea kwa muda mrefu katika chumba kilichofungwa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo walivyochukua katika hospitali za Lima, nchini Peru. Vyumba vya zamani, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa, vilipofunguliwa vilibadilisha hewa yake yote mara 40 kwa saa. Vyumba vipya, vya madirisha madogo, mara 17. Na vyumba vyenye mashine za kupitisha hewa, mara 12 tu. Sisemi mashine ni mbaya. Nasema waliozifunga walitumia pesa nyingi kupata kidogo kuliko mjenzi wa zamani aliyeacha dirisha kubwa.

Sasa feni. Feni haileti hewa mpya, inazungusha ile iliyopo. Upepo wake unakausha jasho na mtu anajisikia vizuri, hilo silikatai, na kwa umeme haili sana, wati 70 hivi. Lakini chini ya bati tupu inachukua joto lililokaa juu na kulisukuma kichwani. Mkishaweka silingi na matundu, feni itafaa, hasa Pwani ambako kuna siku hewa haitikisiki. Kiyoyozi kinahitaji umeme mara ishirini ya feni, na kile cha ukutani hupoza hewa ile ile ya chumbani bila kuibadilisha, kwa hiyo watoto 50 watasinzia katika baridi. Chumba cha kompyuta pengine, si darasa. Na mitambo inazeeka. Mwaka 2020 wakaguzi wa bunge la Marekani walikadiria kuwa shule kama 36,000 za nchi yao zinahitaji mitambo yake ya joto na hewa irekebishwe au ibadilishwe. Hiyo ni nchi tajiri. Sisi bili ya maji ya shule inatushinda.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye lile darasa la gredi ya 9, kabla mabati hayajaagizwa. Njooni na ngazi, tepu ya kupimia na karatasi nyembamba. Tutaishika karatasi hiyo kwenye kila dirisha tuone hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Kikundi cha feni nao waje. Baada ya hapo tutavuka uwanja tupande darasa lao la zamani. Na tafadhali fundi wa kenchi asikose, maana ndiye atakayetuambia kama mbao zile zitabeba silingi.